Ukuta wa Milango Saba

Nikutegee kimoja hapa nje kabla hujaingia, maana ukishaketi na kupewa chai utanisikiliza nusu nusu. Ana midomo saba na hajawahi kumeza hata tonge. Ana vitasa saba na hakuna anachokifungia. Ni nani huyo?

Fikiri. Si chupa. Si sanduku la kanisa. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Konza? Konza nimeichukua, pamoja na ng'ombe wake wote. Jibu ni ukuta wa Kasiva.

Ukuta huo uko juu kidogo ya mji wa Machakos, pale barabara inapoanza kupanda mlima na watu wa boda boda wanaanza kuomba nyongeza. Aliyeujenga ni Kilonzo, mume wa Kasiva, fundi wa mbao, Mungu amlaze pema. Alipoanza kazi yake alikosa kodi ya duka mjini. Akafikiri, akaona kwamba yeye ana kitu ambacho wenye maduka hawana: uso wa barabara. Akajenga ukuta mrefu wa mawe mbele ya shamba lake, akauachia nafasi saba, na kwenye kila nafasi akatia mlango wa namna yake. Juu akaweka utepe wa mabati ili mvua isiinyeshee. Kisha akachukua rangi nyeupe akaandika namba, moja hadi saba.

Hilo ndilo lililokuwa duka. Mteja hakuonyeshwa picha. Alisimama barabarani, akasukuma mlango mwenyewe, akasikiliza bawaba, akagonga kwa kidole kama anayepiga hodi. Akiridhika aliita, "Fundi, nipe namba nne, lakini yangu iwe pana zaidi." Namba nne ilikuwa ya mti wa mukau, na ndiyo iliyosomesha watoto. Nyuma ya milango hakukuwa na nyumba. Kulikuwa na upepo, nyasi, na matuta ya mbaazi yanayoshuka kwenda bondeni. Nyumba yenyewe, ya Kasiva na Kilonzo, ilikuwa pembeni, na ilikuwa na geti lake kama nyumba ya mtu yeyote.

Nimesema hakukuwa na nyumba nyuma ya milango. Subiri, nisiwe mwongo nikiwa bado sijafika mbali. Nyuma ya namba sita kulikuwa na chumba. Kilonzo alikijenga mwaka wake wa mwisho ili kuhifadhi mbao, na alipofariki mbao zikauzwa, chumba kikabaki na harufu tu. Miaka miwili baadaye akaja binti mmoja wa mjini, Firdaus, mshonaji, aliyekuwa ametolewa kwenye kibaraza alichokuwa anashonea. Kasiva akamfungulia namba sita. Hawakuzungumza kodi. Firdaus alimshonea Kasiva nguo, akamsomea maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa, na Ijumaa akamletea biriani kwenye bakuli lenye mfuniko. Kasiva naye alimpa mbaazi, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, siku za baridi. Watu wawili wanaishi hivyo, na hakuna anayeuliza ni biashara au ni undugu.

Mpaka ilipokuja barua.

Barabara ilikuwa itengenezwe. Mradi uliitwa Vilimani, na kila mtu aliufurahia: matofali ya kabro, mtaro wa mawe, taa. Lakini wenye nyumba walitakiwa kuchangia, kila mmoja kulingana na faida atakayoipata. Nyumba ya kuishi, fungu moja. Ploti ya kupangisha, fungu moja kwa kila chumba. Kijana mmoja alipita na kamera, akapiga picha kila uso wa barabara, akaenda zake. Barua ya Kasiva ikasema hivi: nyumba ya kuishi, moja. Vyumba vya kupangisha, saba. Jumla, mafungu manane.

Kasiva aliisoma amesimama, akaketi akaisoma tena. Alikuwa amefika darasa la saba, na kusoma hakukumshinda. Kilichomshinda ni mstari wa mwisho: asiyelipa, deni lake litaandikwa juu ya hati ya shamba. Fungu moja angeliweza. Mawili angejikaza. Manane yalimaanisha kuuza kipande cha chini, kile cha mbaazi, na kwenye kipande hicho ndimo Kilonzo alimozikwa.

Asubuhi yake alivaa viatu vya kanisani akashuka mjini mpaka ofisi ya mradi. Kwenye meza ya mapingamizi alikuwapo msichana aliyefunga kitambaa cha samawati kichwani, jina lake Zuleha.

"Wimuseo, susu," Zuleha akamwamkia kwa Kikamba, akimwita bibi, maana alizaliwa papo hapo Machakos. "Karibu, keti. Kiti hicho kina mguu mbovu, kalia hiki."

"Nimuseo, mwanangu. Nimeletewa wapangaji saba ambao sijawahi kuwaona. Nimekuja niulize wanalala wapi."

Zuleha akacheka, kisha akafungua picha kwenye kompyuta, akaacha kucheka. "Lakini susu, si milango hii hapa? Na namba juu yake. Mtu anaandika namba kwenye milango ya nini kama si vyumba?"

Kasiva akaeleza. Alieleza habari za duka, wateja, na mukau, mpaka watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakasogea wasikie. Zuleha akampa fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya milango inayotazama barabara. Kasiva akaandika saba. Chini yake, idadi ya vyumba vya kupangisha.

Hapo kalamu ikasimama. Kasiva akaona namba sita mbele ya macho yake, na Firdaus ameinama juu ya cherehani. Je, anapangisha? Hapangishi, akajiambia. Hakuna shilingi iliyopita mkononi. Anakaa tu, kama mtoto wa nyumbani. Lakini hata alipokuwa anajiambia hivyo alijua kwamba maneno yaliyonyooka hayahitaji kurudiwa mara tatu. Akaandika sifuri. Akaikaza wino.

Zuleha akaingiza yale kwenye mashine. Mashine ikatoa mlio.

"Inakataa," akasema. "Inasema milango saba haiwezi kuwa na vyumba sifuri."

"Iambie ije ione."

"Haina miguu, susu. Ila tutatuma mtu. Bwana Bartholomew, mkaguzi. Alhamisi saa nne." Akashusha sauti. "Au ukitaka mambo yaishe haraka, ng'oa hiyo milango, uzibe kwa mawe, tupige picha upya. Ukuta mtupu hauna fungu."

Kasiva alikunja fomu yake taratibu. "Mwanangu, huyo aliyeitia milango hiyo nilikaa naye miaka thelathini na minane. Kila mwaka kabla ya mvua za Oktoba naipaka vanishi, mmoja mmoja. Nikiing'oa, siku hiyo nitampaka nani?"

Zuleha aliikunjua ile fomu. Aligonga muhuri, na alipogonga aligonga polepole, kama anayeogopa kuiumiza.

Sasa, Jumanne Kasiva alikuwa na safari. Dada yake wa Ekalakala alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na hakuna wa kumpikia. Akamwachia jirani yake funguo. Jirani ni Mutindi, mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha kina mama wanaolimiana mashamba, leo kwako kesho kwangu. Sauti ya Mutindi hulainisha mahindi makavu. Kasiva alimwambia neno moja tu:

"Mama Musili, Alhamisi kuna mgeni wa ofisini. Anakuja kuitazama milango."

"Nenda tu, Mama Peris. Mgeni wako ni wetu."

Ni neno zuri, hilo. Kasiva alilala Ekalakala siku mbili moyo umetulia.

Alhamisi saa tatu na nusu alishuka stejini, akapanda mlima na kiondo chake mgongoni, akakata kona. Akasimama. Akakiweka kiondo chini katikati ya barabara.

Milango ilikuwa imevalishwa. Kila mlango ulikuwa na pazia, mengine ya maua, mengine ya kufuma kwa mkono, yale ambayo mwanamke hayatoi kabatini isipokuwa askofu anakuja. Kila kizingiti kilikuwa na zulia dogo la kufutia miguu. Mikebe ya mafuta ya kupikia ilipandwa maua na kupangwa miwili miwili. Namba zilikuwa zimepakwa upya, nyekundu, kubwa, zinasomeka kutoka ng'ambo ya bonde. Na mbele ya kila mlango, juu ya kigoda, aliketi mama mmoja wa mwethya amevaa leso ya kikundi, mikono magotini, anangoja mgeni. Mbele ya namba sita aliketi Firdaus mwenyewe, amepewa leso naye, anatabasamu kwa wasiwasi.

"Mutindi!" Kasiva hakumwita Mama Musili, na hapo ungejua.

"Umeona?" Mutindi alikuja mbio, uso unang'aa kwa jasho na fahari. "Tumeamka saa kumi na moja. Pazia la tatu ni la harusi ya Ndinda, amelitoa kwa roho safi. Tungekuacha uaibike mbele ya mtu wa ofisi, na milango iko uchi?"

"Mmenimaliza."

"Tumekumaliza? Tumekuheshimisha!"

"Mama Musili, huyo mtu anakuja kuona kwamba hakuna anayeishi hapa! Na nyinyi mmeniwekea mapazia! Mmeniwekea viatu! Hizi ndala za nani?"

"Zangu," akasema mama wa namba tatu kwa unyonge, akazivuta chini ya kigoda.

Mutindi alifungua mdomo, akaufunga. Huyo ni mtu aliyeonekana akifunga mdomo mara mbili tu maishani, na mara ya kwanza alikuwa ameng'olewa jino. "Ngai," akasema. "Hukutuambia ni mgeni wa namna hiyo. Ulisema anakuja kutazama."

Na ni kweli. Kwa watu wa mlima ule, mgeni anayekuja kutazama ni mgeni wa heshima. Ameletwa na harusi, au ubatizo, au mchango wa kanisa. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mtu atatoka mjini aje kutazama nyumba akitumaini haipo.

"Toeni!" Kasiva alisema. "Toeni haraka, toeni yote—"

Lakini gari dogo jeupe lilikuwa limeshasimama, na mtu mrefu mwenye viatu vinavyong'aa alikuwa ameshashuka, ameshika tableti kifuani kama mtu ashikavyo Biblia. Alitazama kuanzia moja hadi saba. Alitazama tena, kuanzia saba hadi moja. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mwenye ploti ni nani?"

"Mwenye nyumba ni mimi," Kasiva akasema. "Kasiva. Karibu, Bwana Bartholomew."

"Mama Kasiva." Sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa imechoka tu. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimeona wapangaji wamefichwa jikoni. Nimeona wapangaji wamefichwa kwenye zizi la mbuzi, pamoja na mbuzi. Wewe ndiye wa kwanza kuwapanga mbele ya milango na kuwapamba."

Mama wa namba tatu akaanza kucheka, akajiziba na leso.

"Hawa si wapangaji," Kasiva akasema. "Hawa ni majirani wangu wenye mapenzi mengi kupita kiasi. Fungua mlango, bwana. Usiniamini mimi. Fungua."

Bwana Bartholomew akaenda namba moja. Alisogeza pazia, akashika kitasa, akasukuma kwa nguvu ya mtu anayetegemea kuingia sebuleni, akapiga hatua ndefu.

"Shika kitasa!" wakapiga kelele mama wote kwa pamoja.

Alikishika. Na ni heri, kwa sababu upande wa pili ardhi iko chini kwa kimo cha mtoto, na mguu wake mmoja ulikuwa unaning'inia juu ya mbaazi. Mbuzi wa Kasiva, aliyekuwa anakula mahali asiporuhusiwa, alimtazama kwa mshangao. Mama wawili wakamvuta mkaguzi kwa koti.

Alisimama kizingitini akihema. Mbele yake hapakuwa na sebule wala kitanda. Lilikuwako bonde lote la Machakos, mabati ya mji yanametameta, na vilima vya ng'ambo vimejaa matuta kama ngazi.

"Hiki," alisema mwishowe, "si chumba."

"Fungua namba mbili," akasema Kasiva.

Nyuma ya namba mbili kulikuwa na mawe tu. Kilonzo aliuzibia huko nyuma ili upepo usiuvunje. Mkaguzi akayagonga mawe, akaandika. Nyuma ya tatu, mbaazi. Nyuma ya nne pia mbaazi, lakini pale alikawia, si kwa ajili ya kilichokuwa nyuma. Alipitisha kiganja juu ya mbao. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. Bawaba hazikusema neno.

"Huu ni mti gani?"

"Mukau. Mume wangu aliukausha miaka mitatu kabla ya kuugusa kwa msumeno."

"Miaka mitatu," alirudia, kama mtu anayesikia bei. Kisha akaitazama saa, akafungua tableti. "Imetosha, mama. Nimeelewa. Hili lilikuwa duka lisilo na ndani. Naandika: milango saba, vyumba sifuri. Pingamizi limekubaliwa."

Mutindi akapiga kigelegele, na mlima ukamjibu. Mama wa mwethya wakasimama kwenye vigoda vyao wakikumbatiana. Yule wa namba tatu akavaa ndala zake.

Nikutegee kingine hapa, kifupi. Ni mzigo gani ambao jasho linakutoka siku unapoutua? Usinipe mji safari hii, nitakwambia bure. Ni ukweli uliokwisha kuuficha.

Kasiva alisimama katikati ya zile kelele na jasho likamtoka. Shamba lilikuwa limepona. Kipande cha chini kilikuwa kimepona. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Alimtazama Firdaus, na Firdaus alikuwa hapigi kelele. Alikuwa ameketi palepale mbele ya namba sita, mgongo umegusa mlango, kama mtu anayetaka kuwa mwembamba. Kasiva akaona kwamba kuanzia leo binti huyo atakuwa sifuri. Kila mtu wa ofisi akipita atajificha. Atashona akiwa amefunga mlango mchana.

"Bwana Bartholomew," akasema. "Hujafika namba sita."

Mutindi akamfinya ubavuni. Alimfinya kweli, alama ilikaa siku tatu. "Mama Peris," akamnong'oneza, "mtu ameshafunga kitabu chake."

"Nimeshaona minne," mkaguzi akasema. "Inatosha."

"Fungua sita."

Firdaus alisimama, akasogea kando. Mkaguzi alifungua, safari hii kwa tahadhari, ameshika kitasa kwa mikono miwili. Hakuanguka. Kulikuwa na sakafu. Kulikuwa na cherehani ya kukanyaga, sare za shule zimekunjwa, mkeka, buli, na kalenda ukutani.

Mkaguzi akageuka akamtazama Firdaus.

"Huyu ni nani?"

"Ni Firdaus. Mshonaji. Yuko hapa miaka miwili."

"Analipa?"

"Hanilipi pesa," Kasiva akasema. "Lakini hata hii blauzi ameishona yeye. Na nisingeijua dawa ya asubuhi na ya jioni kama si yeye. Nilijiambia hiyo si kodi. Niliketi kwenye kile kiti cha ofisini nikaandika sifuri, na sifuri ile ilikuwa kubwa kuliko nilivyoichora."

"Mimi ndiye nimemponza," Firdaus akasema haraka. "Bwana, nitahama. Nitahama leo. Usimwandike susu."

"Hakuna anayehama," akasema Kasiva. "Nyamaza, mwanangu."

Bwana Bartholomew alikuwa anatazama kalenda, si wao. "Mama, unajua kwamba pingamizi lenye maelezo ya uongo linatupwa lote? Si chumba kimoja. Lote. Mafungu manane yanarudi kama yalivyokuwa."

Kasiva hakuwa anajua. Akashika fremu ya mlango, na mbao zikamsimamisha. "Sikujua," akasema. "Lakini ningejua, chumba kingekuwa bado kipo."

Mkaguzi aliendelea kuitazama kalenda muda ambao Mutindi, akisimulia baadaye, aliuita nusu saa, ingawa haukuzidi dakika moja. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye kigoda cha Firdaus, akaiweka tableti magotini.

"Karatasi ya ukaguzi sijaitia sahihi," akasema. "Mwenye nyumba akijisahihisha kabla ya sahihi yangu, hilo ni sahihisho. Akisahihishwa na mimi baada ya sahihi yangu, huo ni uongo. Ndivyo kanuni inavyosema, na nashukuru imesema hivyo, maana nilikuwa naogopa kuitafuta." Akaandika huku anasoma kwa sauti. "Nyumba ya kuishi, moja. Chumba, kimoja, namba sita. Milango mingine sita, haina kitu." Akatia sahihi. Kisha akainua kichwa. "Miaka kumi na tisa, mama. Hakuna hata siku moja mtu ameniita nirudi nione zaidi."

"Kunywa chai, basi," Kasiva akasema, kwa sababu hakuwa na lingine la kusema na machozi yalikuwa karibu.

"Gari inaningoja."

"Gari pia itapewa," Mutindi akasema, na huko ndiko kulikuwa kumsamehe mkaguzi. Kasiva alichukua muda zaidi kusamehewa.

Barua ya pili ilikuja baada ya wiki tatu. Mafungu mawili. Zuleha aliipeleka mwenyewe, akitaka kuona milango kwa macho yake. Alisukuma mmoja mmoja kama mtoto, na akaeleza jinsi mashine ilivyokataa tena, ikitaka kujua hiyo sita mingine ni ya nini, mpaka akaiandikisha kama sehemu za ukuta na ndipo ikanyamaza. Kasiva alijikaza kwa fungu lake. La pili Firdaus alikataa katakata asaidiwe.

"Chumba ni changu, susu. Kina jina langu," akasema, akiishika ile barua kwa ncha za vidole. Na kilikuwa na jina lake kweli, kwenye mstari wa mwisho: namba sita, mtumiaji Firdaus, mshonaji. Tangu atolewe kibarazani, hakuwa na karatasi inayosema yuko wapi. Kesho yake aliichukua barua ile hadi kwa watu wa stima, na walipomwuliza anakaa wapi, hakueleza kwa mikono wala kutaja mti wala duka la jirani. Aliweka karatasi mezani. Mwezi haukuisha akawekewa mita, na siku ya kwanza cherehani yake mpya ya umeme iliposhona, Kasiva alifikiri nyuki wamehamia ukutani.

Kabla mvua hazijaanza, barabara ikafika. Walikuja na matofali, na mchanga, na fundi mkuu mwenye kofia ya manjano aliyekuwa akichora kwa chaki. Mtaro ulichimbwa mbele ya ukuta, wa kina, na ilibidi kila mlango wa mtu uwekewe kidaraja cha zege ili apite. Fundi mkuu alihesabu, akahesabu tena, akabisha getini.

"Susu, habari ya asubuhi. Hapa naona milango saba na geti. Niweke vidaraja vinane?"

Mutindi alikuwa amekuja kuazima jembe. "Nane!" akasema. "Ni bure! Mama Peris, hata wewe, kitu cha bure!"

Kasiva alitoka nje, akafuta mikono, akatembea mbele ya ukuta wake kutoka moja hadi saba. Vanishi ilikuwa haijakauka vizuri kwenye mbili na tano. Firdaus alikuwa amefungua sita, anapima bega la mtoto wa shule, pini mdomoni.

"Viwili," akasema Kasiva. "Kimoja hapa getini. Kingine pale kwa Firdaus, na kile kifanye kipana, wateja wake wengine huja na watoto mgongoni."

Fundi mkuu akachora mistari miwili ya chaki. Mutindi akatikisa kichwa mpaka kitambaa kikalegea, kisha akaliacha jembe alilokuja kuazima, akashika koleo, akaanza kumkorogea fundi zege, akilalamika kwamba wameweka saruji kidogo.